Mshenga wa Kisima

Madam wa Kompyuta alikuwa akiibishia hodi kompyuta kabla ya kuiwasha. Simsingizii. Anakunja kidole, anagonga kifuniko, anasubiri kidogo kama mtu aliyesimama uani kwa watu, ndipo anabonyeza. Siku ya kwanza darasa zima tulishika midomo. Mimi, ambaye wenzangu wananiita Redio kwa sababu sizimiki, nikaitika kutoka kiti cha nyuma kwa sauti ya kizee: "Karibuuu, pita ndani!"

Wenzangu wakaanguka juu ya meza. Madam hakugeuza hata shingo.

"Ahsante, mwenye nyumba," akasema. "Na wewe umeoga leo, au tukuonee huruma?"

Hapo nikajua nimekutana na mtu. Baadaye tukagundua kwamba ni watani kabisa: mimi Mmakua wa Masasi, nyumbani Mkomaindo, yeye Mmakonde wa Newala, hapohapo ilipo shule yetu. Na utani wa huku si mchezo. Mtani ana ruhusa ya kukuchamba hata kwenye msiba wako. Darasani ilikuwa shikamoo Madam, marahaba, kaa chini. Nje ya darasa mambo yalikuwa mengine.

"Nyie Wamakonde," nilimwambia siku moja nimejitwika kidumu, "mliacha maji yote kule chini mkapanda huku juu. Mlikuja kutafuta nini? Mawingu?"

"Tulikuja kuwakimbia nyie," akajibu. "Na ona, mmetufuata mpaka bwenini."

Maji ndiyo yalikuwa utani wetu kwa sababu maji ndiyo shida yetu. Bomba lipo, linatoa siku likijisikia. Shule inaishi kwa maji ya kuvuna: paa la bweni linaangushia kwenye kisima kilichochimbwa chini ya ua, kimesakafiwa kwa saruji, kina mfuniko wa chuma na kufuli. Mvua zikikatika, kilichomo ndicho kilichomo, mpaka mvua nyingine. Kikiisha kabla, bweni linafungwa na wasichana tunarudishwa makwetu. Na kuna wasichana ambao wakirudi makwao katikati ya muhula, hawarudi tena shuleni. Wanakuta mipango mingine imeshawasubiri.

Kwa hiyo usimcheke Madam kwa ubahili wake, ingawa mimi nilimcheka sana. Maji aliyooshea mchele yaliosha vyombo, na ya vyombo yakaenda kwenye mchicha. Ukimkuta anapiga mswaki utadhani anakunywa dawa kwa kijiko. Nilimuuliza kama akifiwa analia, au anaweka akiba.

"Nalia," akasema. "Machozi yana chumvi, mchicha hauyataki."

Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, mfuko wa koti umejaa ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, aliyoitafuna akisahihisha. Daftari likirudi na alama ya kidole chenye wanga, unajua hapo Madam alifurahi. Lisiporudi na kitu, ujue alikasirika mpaka akasahau kula. Na aliimba alipoandika programu. Aliimba vibaya, jamani. Sauti ilikuwa inapanda mahali ambapo wimbo unashuka. Ukimwambia, anasema wimbo ndio umekosea.

Baada ya vipindi alikuwa na klabu ya kompyuta, wasichana wachache tu, mimi na Somoe tukiwemo. Somoe ni rafiki yangu, analala kitanda cha chini ya changu, mkimya kiasi kwamba mimi naongea zamu zake pia. Kazi ya klabu ilikuwa moja: programu ya kutuambia kisima kimebaki na maji kiasi gani, bila mtu kukisia. Shule ilikuwa imepata kipimio cha kampuni fulani, kidude kinachotundikwa chini ya mfuniko, kinapiga mlio usiosikika, mlio unagonga maji na kurudi, kinajua maji yako wapi. Kipimio kilikuja na laibrari yake, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na kampuni yenyewe. Vimefungwa, huoni ndani. Unauliza, vinajibu, basi.

Upande wetu tulikuwa na fremuweki ya bure. Madam alitueleza kuwa hiyo ni mifupa ya programu: nguzo na fito zimeshasimamishwa na watu waliotawanyika duniani, wakaziacha wazi, yeyote achukue, akandike udongo wake. Alikuwa na msemo kuhusu hizo mbili: "Cha bure kina wenyewe wengi, ukikwama utampata mmoja wao. Cha kampuni kina mwenyewe mmoja, naye yuko mbali, na amelala."

Somoe akauliza, kwa ile sauti yake kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Madam, sasa hivi viwili vitaongeaje?"

"Kama wakwe," akasema Madam. "Baba akitaka kumposea kijana wake, anakwenda mwenyewe kubisha?"

"Hapana. Anatuma mshenga."

"Kwa nini?"

"Ili likitoka tusi, limkute mtu mwingine," nikadakia.

Wote wakacheka, Madam naye, mpaka miwani ikamdondokea kifuani. Kisha akasema, "Redio kapatia bila kujua. Ndiyo kazi yake hiyo."

Basi tukaandika mshenga. Kilikuwa kipande kidogo cha programu kilichokaa katikati. Laibrari ya kampuni haikuruhusiwa kuingia kwenye fremuweki yetu na kujikalia inapotaka. Ilisema na mshenga, mshenga akalipima neno, ndipo akalifikisha. Na Madam alimpa mshenga sikio la pili. Kila asubuhi mmoja wetu alifungua mfuniko, akashusha kamba yenye mafundo na jiwe mwishoni, akaivuta, akaangalia imelowa mpaka fundo lipi, akaliingiza kwenye kompyuta. Kamba na kipimio vikipatana, skrini iliyotundikwa nje ya ofisi inakuwa kijani na kiasi cha maji kinaonekana. Visipopatana inakuwa nyekundu, haisemi kitu kingine.

"Mbona isichague moja tu?" niliuliza. "Kipimio ni cha kisasa. Kamba ni kamba."

"Mshenga aliyesikia maneno mawili hachagui analolipenda," akasema. "Anarudi anawaambia: wazee, kaeni tena."

Huyo ndiye Madam niliyempenda, mtu asiyemwamini hata saa ya ukutani. Alikuwa anasema usimuulize muuza kitanda kama usingizi mtamu. Siku moja nyoka alitokea chini ya meza ya kompyuta, sisi tukapanda juu ya viti tukiita mama zetu, yeye akamtoa kwa ufagio huku anamalizia sentensi.

Lakini mtu huyohuyo aliogopa tai.

Namaanisha tai ya shingoni. Akija mgeni aliyefunga tai, Madam anakuwa kama kuku aliyenyeshewa. Sauti inashuka. Anavua miwani, anaivaa, anasema "ndiyo" kabla swali halijaisha. Sijui alikoipatia hofu hiyo, sikuwahi kumuuliza, na hata mimi kuna vitu sivifanyii utani. Nilichokuwa nafanya ni kumwigiza bwenini: nafunga soksi shingoni, Somoe anakuwa Madam, ananiitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka sicheki.

Kiangazi cha mwaka jana skrini ilikaa nyekundu siku kadhaa mfululizo. Kamba ilisema maji yanashuka, kipimio kilisema yametulia pale nusu. Madam alikuwa bado anatafuta nani mwongo, na wageni wakawa wanakuja: maofisa kuangalia mradi wa wasichana, pamoja na mtu wa kampuni ya kipimio. Mkuu wa shule akaja chumba cha kompyuta, sisi klabu tukiwa humohumo.

"Madam, wageni wanafika, na wewe umenitundikia taa nyekundu mlangoni kama gereji."

"Mkuu, mshenga anasema kuna..."

"Mshenga gani tena?"

Yule mtu wa kampuni alikuwa ametangulia kuja kukagua. Alikuwa mpole, sitamsingizia. Tai ya bluu. Akainama kwenye kompyuta, akatazama kazi yetu, akatabasamu kama mtu anayeangalia gari la mabua la mtoto.

"Mmejitahidi," akasema. "Lakini laibrari yetu haihitaji mtu wa katikati, mwalimu. Iunganishe moja kwa moja na programu yako, itakupa namba safi. Si ni..."

"Ndiyo," akasema Madam.

Nilimtazama Somoe. Somoe alitazama sakafu.

Akamtoa mshenga mbele yetu. Skrini ikawa kijani: NUSU. Wageni wakapiga makofi, tukaimba, tukapewa soda. Jioni Madam akatuambia uani, bila kututazama machoni, "Jumatatu namrudisha." Jumatatu ikaja na mitihani ya majaribio ya kusahihisha. Jumatatu nyingine zikapita zikimwamkia tu. Kamba nayo ikakoma, kwa sababu Mkuu aliona kufungua-fungua kisima kunaingiza uchafu, na sasa kuna mashine. Ufunguo ukatundikwa ofisini kwake.

Asubuhi moja pampu ikakohoa kama mzee aliyelewa uraka, pombe ya mabibo, ikatema upepo. Skrini ilikuwa kijani. NUSU. Walipofungua mfuniko tukaona matope, na chura mmoja aliyekufa.

Wasichana tukatumwa bondeni na ndoo. Anayejua ukingo wa Newala anajua njia ile: unashuka umeegemea nyuma, unapanda umeinama kama unasujudu, na ndoo kichwani haitaki habari zako. Somoe alikuwa mbele yangu tukipanda. Nilisikia ndoo kabla sijamsikia yeye. Ilipiga jiwe, ikapiga jingine, maji yakanipitia miguuni, ndipo naye akapiga kelele. Mguu ulikuwa umekaa mahali ambapo mguu haukai. Nilimshika kichwa nikatafuta kitu cha kumchekesha, chochote, na mimi Redio sikukipata.

Bweni likafungwa mpaka mvua. Mjomba wake Somoe, ambaye ndiye mwenye neno kwao, alisema safari hii atamruhusu arudi mguu ukipona. Maji yakiisha tena, amekwisha kusoma. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana tulimwamini.

Madam alijifungia na laibrari ile mpaka akaelewa. Alinieleza mimi na klabu, siku ya kufunga mabegi. Walioiandika wanaishi mahali ambapo tangi linashuka mchana na kujazwa usiku. Kwa hiyo laibrari ikiona maji yanashuka tu, wiki kwa wiki, bila kupanda hata mara moja, inaamua kipimio kinaumwa. Inatupa kinachosemwa na kipimio, inaendelea kutoa namba ya mwisho iliyoiamini.

"Hawakutudanganya," akasema. "Hawajawahi kusubiri mvua, basi."

Wazazi wakaitwa shuleni. Madam akasimama, koti limefungwa vifungo vyote. Nilikuwa namsubiri ayaseme haya niliyowaandikia hapa. Akasema, "Kosa ni langu. Nilimtoa mshenga." Akakaa.

Mzazi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mshenga? Kwani kulikuwa na harusi?"

Kwa kuwa Madam alisema kosa ni lake, kila mtu akaelewa kwamba basi kampuni haina kosa, na kilichoharibu ni hiyo mifupa ya bure ya Madam na kamba zake. Kamati ikaamua tusichanganye tena: ije programu ya kampuni yenyewe, nzima, na laibrari yao ileile ndani. Madam akaomba uhamisho, akashushwa Masasi kufundisha hesabu. Kabla hajaondoka nilimfuata.

"Madam, mbona hukusema nusu ya pili?"

"Ukisema kosa ni langu, halafu ukaongeza lakini, umeshalirudisha."

Kwenye madaftari labda inapendeza. Mimi ilinikera na inanikera mpaka leo. Uungwana wake ulikuwa mzuri kwake yeye, sisi ndio tulikuwa tunakunywa kile kisima.

Mwaka huu skrini ni kubwa zaidi, ina picha ya tone la maji linalotabasamu. Somoe alirudi shule akichechemea. Sisi wawili hatuliamini lile tone. Waya wa kampuni unaingia kisimani kupitia tundu la ukubwa wa ngumi pembeni ya mfuniko, wamezibia kitambaa. Tunavuta kitambaa, tunashusha kamba, tunarudisha. Kabla ya likizo fupi ya juzi tone lilikuwa linatabasamu kwenye nusu. Kamba ilitoka kavu fundo baada ya fundo, unyevu ulikuwa kwenye jiwe tu. Tungemwambia Mkuu nini? Mimi nilishamwambia mwaka juzi kwamba kuna simba jikoni, na alikimbia.

Likizoni Somoe alifikia kwetu Mkomaindo, akaangaliwe mguu hospitali. Tunatoka getini tukasikia mtu anagombana na mama muuza ming'oko: "Lakini mama, mbona mmeichemshia maji mengi hivi? Yote haya ya nini?"

Sikuhitaji kuangalia uso. "Shikamoo, mtani!" nikapaza. "Hata Masasi kwenye maji unatuletea ubahili?"

"Marahaba." Hakurudisha utani. Alimtazama Somoe mguu, muda mrefu. Somoe akamwamkia, naye akamshika mkono hakuuachia. Miwani ilikuwa na uzi pande zote mbili sasa. Nilimtafuta mfukoni kwa macho: hamkuwa na kitu.

Hakuuliza masomo. "Skrini inasema nini?"

"Nusu."

"Na kamba?" Hakuuliza kama tunashusha. Alijua tu.

"Jiwe," akasema Somoe.

Madam akakaa kwenye ukingo wa mtaro hapohapo, kati ya ndizi na vocha za simu. Akasema alishampigia Mkuu. Mara ya kwanza Mkuu alimsikiliza, akamjibu, "Madam, ulisimama mbele ya wazazi ukasema kosa ni lako. Sasa unataka kumgawia nani?" Mara zilizofuata hakupokea.

"Mtu wa tai si angekusikia?" nikasema, maana uchungu ulinipanda.

"Nimempigia naye," akasema. "Sikusema ndiyo hata mara moja. Akasema wataliangalia toleo lijalo." Akavua miwani. "Toleo lijalo halinyeshi. Kikipimwa leo, Mkuu anaweza kuagiza boza la maji kabla hakijakauka, mkanywa mpaka mvua. Akingoja pampu ikohoe..." Akamtazama Somoe mguu.

Kisha akanigeukia mimi. Si Somoe mwenye mguu, mimi.

"Mimi na Mkuu hatusemezani tena. Nenda wewe."

"Madam, hapana. Mimi hakuna anayeniamini hata nikisema leo ni Jumanne."

"Mshenga hasemi lake. Beba kilichopo, kiweke mbele yake."

"Na nisichekeshe?"

"Usichekeshe."

"Hapo umenionea," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, kidogo, kwa pua, kama mtu anayetumia kikombe cha mwisho. Tulipoagana alimwambia Somoe, "Samahani, mwanangu." Halikufuata neno "lakini". Nikaona sasa kwamba haikuwa rahisi kwake kuliacha.

Jumatatu tulipanda Newala. Sikupitia bwenini. Nilivuta kitambaa mchana kweupe, nikashusha kamba mpaka jiwe likagonga saruji, nikaiviringisha mkononi, nikaenda ofisini. Somoe alinifuata, nikiusikia mguu wake nyuma yangu kwenye kokoto.

Nilibisha hodi. Mkuu aliponiona tu akaanza kucheka, akaegemea kiti. "Redio! Haya, leo una kichekesho gani? Simba yuko wapi?"

Nilikuwa nacho kichekesho, kilikuwa kwenye ulimi kabisa. Nikakimeza. "Shikamoo, Mkuu. Nimetumwa," nikasema, nikaiweka kamba mezani.

Akaishika akiwa bado anacheka. Akapitisha vidole kwenye fundo la kwanza, la pili, akiutafuta unyevu, vumbi la kisima likimbakia kidoleni. Akaendelea kushuka taratibu, fundo kwa fundo, na kicheko kikawa kinapungua. Alipofika kwenye jiwe kicheko kilikuwa kimekwisha, na hakuliachia.